Mdoli Aliyesema Twende Nyumbani

Nairobi, 12 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Osoro,

Pokea salamu za mwaka mpya, ingawa mwaka wenyewe umeshaanza kuchakaa. Sisi huku tu wazima. Kikohozi kilichonizuia kuja nyumbani Krismasi kimeniacha. Na mzee wetu, Tata, anaendeleaje na magoti yake? Mwambie dawa ya kupaka aliyoagiza iko ndani ya katoni hii, chini kabisa, nimeizungushia taulo isivunjike. Mkeo Esnah mpe pole kwa kazi za nyumbani na za shamba. Huyo Gesare wenu mbusu kwa niaba yangu. Sijamwona tangu aanze kutembea, na najua utanisema kwa hilo, kwa hiyo jisemee mapema tumalize.

Nimeona niandike kama kawaida yetu. Simu ipo, lakini tangu ulipokuwa bweni, nikikutumia sabuni na barua juu yake, katoni isiyo na barua naiona kama imepelekwa kwa mtu mwingine.

Ndani utakuta mzigo uleule wa kila mara, vitu ambavyo wateja wamerudisha: magari yaliyopoteza gurudumu, vyombo vya chai vya watoto visivyo na birika, picha za kupanga zilizokosa kipande. Duka la Nairobi haliwezi kuviuza. Wewe kibandani kwako utaviuza, kwa sababu mdomo wako unajaza kipande chochote kilichokosekana.

Kazini hatulali. Unajua kampuni yetu miaka yote imeishi kwa kuleta vichezeo kutoka Uchina na kubandika jina letu juu ya boksi. Sasa wakubwa wameamua tuwe na kitu chetu. Tumetoa midoli inayoongea lugha za nyumbani. Kuna wa Kikamba, wa Dholuo, wa Gikuyu, na wa kwetu anaitwa Kemunto. Ukimbonyeza tumbo anakusalimia kwa Ekegusii safi. Kichwa kimetoka Uchina, nguo zimeshonwa hapa Nairobi, na wazo, bila kujisifu sana, lilikuwa langu. Wazazi wa mjini wanamgombania. Watoto wao hawajui kumwamkia bibi, na wao wenyewe hawana muda wa kuwafundisha, basi wananunua mdoli awafanyie kazi hiyo. Wameniongezea cheo. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kujua.

Dada yako,
Lavender


Keumbu, 2 Februari 2025

Dada yangu Lavender,

Katoni imefika, imebonyea upande mmoja kwa sababu kondakta aliifanya kiti, lakini dawa ni nzima. Tata amejipaka na sasa analalamika kwamba kanisani watu wanamsogelea wakimnusa. Magoti yenyewe anasema yamepata nafuu. Esnah anakusalimu, amechuma chai mpaka vidole vimekuwa vyeusi. Hongera kwa cheo. Tata alipoambiwa alivaa koti akaenda kwa jirani bila shughuli yoyote, ila kulitangaza.

Wewe unaniletea habari za vichezeo vya juu, nami nikuletee za chini. Adui wangu hapa Keumbu si mwenye kibanda jirani, ni simu ya mama. Mtoto akianza kulia mbele ya meza yangu, nikidhani sasa nimeuza gari, mama anatoa simu mfukoni na kilio kinaisha. Adui wa pili ni mgomba. Watoto wa kule nyumbani Manga mvua ikinyesha wanakalia magome ya mgomba na kuteleza kutoka juu mpaka kwenye njia, wanarudi juu, wanateleza tena. Mpira wanajifungia wenyewe kwa majani makavu na kamba. Nauza vitu kwa watoto wanaojua kujitengenezea, na hapo ndipo biashara yangu inapochechemea. Wiki iliyopita nilifungua mzigo wa mitumba nikakuta midoli ya kizungu, mmoja hana mkono. Mama mmoja akaniuliza kama nina mkono peke yake nimuuzie, kwa kuwa mdoli anaye nyumbani.

Nisikuchekeshe tu. Kuna jambo la Tata. Unajua tulipompa mtoto wetu jina la Mama, Tata alianza kumwita mtoto "mke wangu", kama wazee wote wanavyotania wajukuu. Siku hizi mzaha umeota mwiba. Anampakata na kumwambia, "Wewe ulinikataa. Ulipougua ulikwenda Nairobi, nikakuita urudi, ukakataa. Leo umerudi huna hata meno ya kutosha." Watu wanacheka. Akimaliza kusema anaangalia chini, na mtoto anamvuta ndevu. Karibu miaka miwili tangu tumzike Mama, na huyu mzee bado anajiuliza alimkosea nini mkewe hata asitake kufia kwake. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Mwandikie neno moja la kumtuliza.

Halafu nitumie huyo Kemunto, hata wachache tu. Hapa kila mtu anajua Ekegusii lakini watanunua kwa ajili ya kustaajabu. Nani aliyeongea ndani yake? Asiwe mtu wa Nairobi anayekanyaga maneno kama anaogopa matope.

Mdogo wako,
Osoro


Nairobi, 24 Machi 2025

Kwa Osoro,

Nisamehe kwa kukawia. Tulikuwa na maonyesho ya biashara ya vichezeo, na mimi ndiye niliyesimama kwenye meza yetu kutoka asubuhi hadi jioni, viatu vikinibana. Ndizi ulizotuma zilifika zikiwa zimeiva sawasawa. Nimewagawia na majirani, nao wanakushukuru.

Maonyesho yalikuwa mazuri. Siku hizi neno linalotawala ni kucheza kwa kujifunza, kwa sababu ya mtaala mpya shuleni. Kila mwenye kipande cha ubao akikipaka rangi anasema kinakuza akili ya mtoto. Kulikuwa na watu wanaouza mawe ya mto ndani ya kikapu, mawe matupu, na wazazi wamepanga foleni. Nilikukumbuka nikacheka peke yangu. Sisi pia tumepimwa: mdoli anaangushwa, anavutwa macho, anavutwa nywele, kuona kama kuna kitu kitakachong'oka na kumkaba mtoto. Kemunto alipita mitihani yote.

Kwa bahati mbaya Kemunto amekwisha ghalani. Nimekuwekea picha nyingi za kupanga na seti moja ya udaktari, sindano haina ncha.

Kuhusu Tata, mwambie asijitese. Mama hakumkataa mtu. Alikuwa amechoka, safari ni ndefu, na alisema mwenyewe kwamba anataka kukaa karibu na hospitali. Niliwaambia hivyo wakati ule na nawaambia tena.

Wasalimu wote.
Lavender


Manga, 27 Aprili 2025

Lavender,

Nyumbani ni wazima. Tata ni mzima, Esnah ni mzima, mtoto ni mzima. Nakuandikia kutoka Manga kwa kuwa leo sikufungua kibanda.

Siku ya Alhamisi nilishuka Kisii mjini kununua chaja za kuuza. Nikapita supamaketi kuangalia bei za vichezeo, kama ninavyofanya kila nikishuka. Kwenye rafu ya mwisho nikamwona Kemunto wako, amejaa tele, safu mbili. Nikajiambia, dada alisema wamekwisha, kumbe wamekwishia hapa. Boksi limekatwa tundu mahali pa tumbo na limeandikwa Nibonyeze. Nikabonyeza.

Akasema kwa Ekegusii, "Umeamkaje, mtoto wangu?"

Nikaitika, Lavender. Niliitika, "Ee, Mama," kwa sauti, katikati ya supamaketi, na mkono wangu mmoja tayari umevua kofia. Kijana anayepanga bidhaa aliniuliza kama nahitaji msaada. Nilimwambia hapana. Nikabonyeza tena. "Kula ushibe." Nikabonyeza. "Nani amekuchokoza?" Vile vile anavyoliburuta hilo neno la mwisho, kama anaenda kumtafuta huyo mchokozi sasa hivi. Wakinamama wawili walikuja, wakabonyeza boksi la pili, wakacheka, wakasema jinsi bibi huyu anavyojua kuongea. Nilitaka kuwanyang'anya.

Nilibonyeza mara ya nne. Akasema, "Twende nyumbani."

Nimemnunua. Sikumpa Gesare, nimemficha juu ya kabati. Nimesoma boksi lote. Mmeandika maana ya kila neno kwa Kiswahili, na hapo mwisho mmeandika: Mchezo umekwisha, twende nyumbani.

Nina maswali mawili. La kwanza, kwa nini Mama yuko ndani ya mdoli wa kampuni na hakuna hata mmoja wetu aliyeambiwa? Nilikuuliza nani ameongea, ukanijibu kuhusu mawe ya mto. La pili ndilo linaloninyima usingizi. Hilo neno la mwisho alilisema lini, na alikuwa anamwambia nani?

Usinipigie. Kwenye simu una sauti nzuri na mimi huwa nashindwa. Andika.

Osoro


Nairobi, 8 Mei 2025

Ndugu yangu Osoro,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sikuweza hata kuketi. Natumai nyote mnaendelea vyema.

Kosa langu ni moja, nalo nalikiri: ningekuambia kabla hujakutana naye dukani. Nilikuwa nangoja wakati mzuri na wakati mzuri haukuja. Lakini usifanye kana kwamba nimeiba. Mama alikubali. Tulirekodi nyumbani kwangu, kitandani kwake, mto mgongoni, na alifurahi. Tulikuwa tunampa kitu cha kufanya badala ya kulala anatazama ukuta. Hebu fikiria vizuri. Ni bibi yupi wa Manga anayesikika leo Ruiru na Kitengela, watoto wasiomjua wakimwitikia? Wengine wanajengewa kaburi la vigae. Mimi nimempa Mama kitu kinachoishi. Nilidhani wewe unayeuza vichezeo ungekuwa wa kwanza kunielewa.

Hilo neno la mwisho ni la mchezo tu. Tulikuwa tunaigiza watoto wanavyocheza kalongolongo, wakimaliza kupika matope wanaambiana twende nyumbani. Usilitafutie mengine.

Nimeomba kampuni ikutumie Kemunto kumi bure uuze kibandani. Ni haki yako.

Lavender


Manga, 18 Mei 2025

Lavender,

Tu wazima. Hao kumi wakija nitawarudisha na basi lilelile.

Unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimemsikiliza huyo mdoli jikoni, mlango umefungwa, Esnah akiwa shahidi. Maneno matatu ya kwanza Mama anaongea kama mtu anayecheza, ni kweli, unamsikia anatabasamu. La nne si mchezo. Kabla ya neno kuna pumzi fupi, ile aliyokuwa akivuta siku za mwisho nikimpigia simu, na mwishoni sauti inakatwa haraka kwa sababu anaanza kukohoa. Mmekata kikohozi lakini mwanzo wake umebaki. Esnah ndiye aliyekisikia kabla yangu.

Na fikiria. Tulipokuwa tunacheza huko bondeni giza likiingia, Mama alisimama mlangoni na kutuita, rudini. Alikuwa nyumbani, sisi ndio tuliokuwa nje. Anayesema twende nyumbani yuko mbali na nyumbani na anamwomba mtu ampeleke.

Alikuwa anakuomba wewe.

Sasa nisikilize. Machi ile Mama akiwa kwako, ulinipigia ukasema Mama amekataa kurudi. Nilikuwa nimeshaongea na mwenye gari, nimempangia Mama chumba cha chini ili Tata asipande ngazi kumhudumia. Ukasema usije, amekataa, usimsumbue mgonjwa. Tata alikuwa amekaa karibu nami, nikamwambia neno kwa neno. Huyo mzee alitoka nje, na tangu siku ile anaishi kama mtu aliyeachwa na mkewe. Kwenye mazishi alisimama pembeni ya jeneza kama jirani. Ulimwona, Lavender, ulikuwa umeshika mkono wake.

Nataka ulichorekodi chote. Sitaki kilichokatwa na kusafishwa, nataka chote. Nataka kujua kama Mama alikataa au wewe ndiye uliyekataa. Ni hilo tu. Pesa usinitajie, na heshima ya kusikika Kitengela usinitajie.

Tata bado hajui lolote. Sijui nianzie wapi kumwambia.

Osoro


Manga, 6 Julai 2025

Lavender,

Hujajibu. Najua barua ilifika kwa sababu Geoffrey wa ofisi ya mabasi ameniambia uliichukua mwenyewe ukaweka saini.

Esnah anakusalimu, ingawa alisita kabla ya kuniambia nikuandikie hivyo.

Tata amejua. Hakuambiwa na mtu. Gesare sasa anapanda viti, akapanda kwenye kabati na kumteremsha mdoli wakati Esnah anakamua ng'ombe. Alimpeleka moja kwa moja kwa babu yake, kwa kuwa kila anachokiokota humpelekea yeye. Mimi nilikuwa naingia langoni. Nilimsikia Mama akisema umeamkaje mtoto wangu, nikamwona Tata ameinua kichwa. Nikakimbia, lakini kukimbia kuna faida gani. Mtoto alikuwa anabonyeza na kucheka, anabonyeza na kucheka. Kula ushibe. Nani amekuchokoza. Nilimfikia Tata akiwa ameshika mdoli kwa mikono miwili, na Mama akasema twende nyumbani.

Nilitarajia atalia au atanifokea. Aliniuliza, "Hii ni lini?"

Nikasema, sijui, Tata.

Akasema, "Huyu ni mgonjwa. Hii ni sauti ya ugonjwa. Alikuwa wapi?"

Nikasema, kwa Lavender.

Alikaa na mdoli magotini mpaka chakula kikapoa, akawa anambonyeza mpaka afike kwenye lile neno, halafu anaacha kidogo, halafu anaanza upya ili alifikie tena. Siku zote hizi amekuwa hivyo. Kanisani hajaenda Sabato mbili. Mzaha wa "mke wangu" umekwisha kabisa, mtoto anamletea vitu na yeye anavipokea tu.

Anasubiri jibu lako kuliko mimi. Kama ulikuwa unaogopa hasira yangu, basi acha kuniogopa mimi, mwogope yeye anavyoshika tama kwenye kile kigoda.

Osoro


Nairobi, 10 Agosti 2025

Osoro,

Natumai mko salama.

Ndani ya bahasha hii kuna kadi ya kuweka kwenye simu. Kila kitu kimo, tangu mwanzo mpaka mwisho, bila kukatwa. Nimeikopi kazini watu walipokwenda chakula.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kila nikianza nasikia naandika uongo mwingine, kwa hiyo sitaandika. Sikilizeni. Mkishasikiliza, nakuomba usiniulize kitu.

Kemunto ndiye anayeuzwa kuliko midoli yote. Wanataka kumtengenezea mume.

Je, Desemba naweza kuja nyumbani?

Lavender


Manga, 31 Agosti 2025

Lavender,

Mvua imekuwa nzuri na chai imeitikia. Gesare anaongea sentensi ndefu, nyingine za kutukana kuku. Esnah ni mzima. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Kadi tumeisikiliza. Nilikusudia nianze peke yangu nijue kilichomo, Tata akakataa. Alisema yeye ndiye mwenye mke. Tuliketi nje nyuma ya jikoni, tukaiweka simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ipande, na Tata akainama juu yake kama anaota moto.

Hukutaka nikuulize kitu na sikuulizi. Nitakuambia tu tulichosikia, ili tuwe na uhakika tumesikia kile kile unachokijua.

Mwanzoni Mama anauliza hii mashine ni ya nini. Unamwambia ni ya wajukuu, waje wamsikie. Hukumwambia ya duka. Anafurahi, ni kweli, hapo hukudanganya. Anaulizia tumbo la Esnah limefikia wapi. Halafu mnaanza, wewe unasema neno na yeye analirudia, na kuna mwanamume anayeendesha mashine, anasema kwa Kiswahili, "Mama, rudia, gari limepita." Mama anarudia. Anachoka, mnampa maji, anarudia.

Halafu anasema, "Lavender, twende nyumbani." Unamwambia, kesho, Mama, tumalize hii kwanza. Mnaendelea. Anamtaja Tata kwa jina lake, anasema, "Machogu anakula nini huko peke yake? Twende nyumbani." Unamwambia anakula vizuri, kesho. Mnaendelea. Tunasikia siku imebadilika, kwa maana mvua inapiga bati na awali hakukuwa na mvua, na ile kesho uliyomwahidi imefika na bado yuko kitandani kwako anarudia maneno. Na anakuomba tena. Sauti ya siku hiyo ndiyo iliyo ndani ya mdoli.

Yule mwanamume anasema, "Hiyo imetoka safi sana, dada, ndiyo nzuri kuliko zote. Inamaanisha nini?"

Hapo unanyamaza. Kwenye sufuria tulisikia unavyonyamaza, mvua tu. Kisha unasema, "Ni vile watoto husema mchezo ukiisha." Na yeye anasema, "Tamu sana, hiyo tutaiweka." Mama yuko palepale, Kiswahili anakielewa, anakusikia unavyolitafsiri ombi lake. Hasemi kitu tena mpaka mwisho.

Tata aliomba nirudishe pale Mama anapouliza anakula nini. Nikarudisha. Akamjibu. Aliiambia simu ndani ya sufuria, "Nilikuwa nakula ndizi za kuchemsha, nyingine mbichi katikati." Halafu akaniambia, "Hakunikataa." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja siku ya juma. Ndipo akalia, na mimi nikamwacha alie.

Baadaye alimwita Gesare aje na mdoli. Akanipa mimi na kusema, "Toa betri. Huyu amekwisha fika nyumbani, mwache apumzike." Nikazitoa. Mtoto alibonyeza mara kadhaa, akaona kimya, akamfunga mgongoni kwa leso ya mama yake, na sasa anamlea kama midoli mingine yote. Sabato iliyofuata Tata alivaa koti akaenda kanisani.

Kwa hiyo Tata amepata chake. Mimi bado.

Umenisaliti, dada. Nasema bila kupandisha sauti. Ningeweza kumeza kwamba ulimuuza Mama kwenye boksi, maana wote tunauza vitu vya watoto na najua tamaa inavyoingia mtu akiona rafu imejaa. Ningeweza hata kumeza kwamba ulitaka maneno yaishe ndipo umlete, ukidhani siku bado zipo. Lakini ulijua kwamba ukiniambia ukweli ningekuja na gari usiku uleule, basi ukaniambia amekataa. Nami nilikuamini, kwa sababu ni wewe. Wewe uliyenilipia bweni, uliyenitumia sabuni. Nikamkasirikia Mama. Acha nikuandikie ujue. Nilitupa udongo juu ya jeneza nikisema moyoni, basi kaa na Nairobi yako. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mwanamke aliyekuwa akituulizia, na wewe umesimama upande wa pili wa kaburi, unaniangalia ninavyomtupia udongo, na unajua.

Umeomba kuja Desemba. Tata anasema uje, anasema mtoto ni mtoto. Nami siwezi kukufungia lango la baba yako.

Basi njoo. Ukifika Keumbu nipigie, nitamtuma Ronny wa bodaboda akupandishe huku. Utakalishwa sebuleni, kwenye kile kiti chenye kitambaa. Utaletewa maji ya kunawa hapo ulipo. Tutakuchinjia kuku na kukununulia soda, na nimeshamwambia Esnah asikubali uingie jikoni wala ushike sahani. Nitakuuliza habari za safari, nitakuuliza kama mvua imenyesha huko Nairobi. Jioni utaonyeshwa kitanda. Siku ukisema unaondoka sitakuzuia, nitabeba mfuko wako na kukusindikiza mpaka barabarani, kama tunavyofanya kwa wageni wote.

Osoro